Namna ya Kupima Faida ya Kuchanganya Mazao: Jaribio la Muhogo na Kunde Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mkulima wa Chanika, Pugu au Kimbiji hana haja ya kuambiwa kwamba muhogo na kunde hukaa vizuri pamoja, kwa sababu amekulia katika mashamba yaliyopandwa hivyo. Anachokosa ni kipimo. Akiulizwa anapoteza muhogo kiasi gani kwa kuingiza kunde, au mseto wake ulimsaidia vipi mwaka wa mvua haba, hujibu kwa makisio, na mara nyingi afisa ugani anayemtembelea naye hana kingine zaidi ya makisio. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata jibu kwa jaribio linaloenea katika robo eka. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kilimo, afisa ugani, kikundi cha wakulima, au mtu yeyote mwenye shamba viungani mwa jiji na moyo wa kuandika kumbukumbu bila kuchoka. Mfano ni wa muhogo na kunde, ila utaratibu ni uleule kwa mahindi na mbaazi, au kwa karanga zinazopandwa chini ya mikorosho michanga.

Jambo moja nitalirudia kila mahali, kwa kuwa naamini ndipo majaribio mengi ya mseto yanapoharibika: thamani ya jaribio haitokani na kipande ulichochanganya mazao, bali na kile kipande cha zao moja unachokilinganisha nacho. Ukikitelekeza kipande cha zao moja, mseto utashinda kila siku, na ushindi huo hautamsaidia mtu.

Hatua ya kwanza: Liandike swali kabla ya kushika jembe

Swali "je, kuchanganya mazao kunafaa?" halijibiki shambani, kwa kuwa halisemi kunafaa kwa nani, kwa kipimo gani wala kwa muda gani. Liandike kwa namna ambayo hata mtu asiyependezwa na jibu atakubali kwamba limejibiwa, kwa mfano: "Mstari mmoja au miwili ya kunde ikipandwa katikati ya mistari ya muhogo wakati wa masika, mavuno ya muhogo yanapungua kwa kiasi gani, na kunde zinazopatikana zinafidia upungufu huo kwa chakula na kwa fedha?" Swali hilo linakuambia upande nini, upime nini na usihangaike na nini.

Hatua ya pili: Uliza na usome yaliyokwisha kujulikana

Anza kwa majirani. Uliza wanapanda kunde wiki ya ngapi baada ya muhogo, wanachuma majani mara ngapi, na kwa nini walioacha kuchanganya waliacha. Sababu za walioacha ni hazina, na ni nadra kukutana nazo katika machapisho.

Kisha nenda kwenye taasisi. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, ina kituo Mikocheni hapahapa jijini, na kituo chake cha Ilonga wilayani Kilosa kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mazao ya jamii ya mikunde. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, na tasnifu za wanafunzi wake nyingi husomeka kwa njia ya intaneti. Mtafiti aliyetoka nje ya nchi anapaswa kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kupata kibali cha utafiti kabla ya kuanza.

Unaposoma, tafuta sababu na wala si matokeo peke yake. Mfano mzuri ni mfumo wa sukuma-vuta uliobuniwa nchini Kenya miaka ya 1990 na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pamoja na washirika wake. Mahindi huchanganywa na desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wa bungua wa mabua, huku majani ya mabingobingo (nyasi za malisho) yaliyozunguka shamba yakiwavuta nondo hao wakatage mayai huko. Mizizi ya desmodiamu pia hutoa kemikali zinazoziotesha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, pasipo kiduha kupata mzizi wa kujishikiza, na kikafa. Aliyeielewa sababu hiyo atajua kwamba mfumo huo una maana kubwa palipo na bungua na kiduha, na kwamba hauwezi kuhamishiwa kwenye muhogo wa Kigamboni kwa kuiga tu.

Sababu ya muhogo na kunde ni ya wakati. Muhogo ukipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja huchukua takribani miezi mitatu kabla majani yake hayajafunika ardhi, na muda wote huo jua na mvua vinaishia kwenye magugu. Kunde za muda mfupi hukomaa ndani ya siku 60 hadi 90, kwa hiyo huitumia nafasi hiyo na kuondoka muhogo unapoanza kuihitaji. Zaidi ya hayo, kunde hujipatia naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake.

Hatua ya tatu: Hakikisha ardhi ni yako mpaka siku ya kuvuna

Pembezoni mwa Dar es Salaam shamba la leo ni kiwanja cha kesho. Muhogo unakaa ardhini miezi tisa hadi 12, na mwenye eneo anaweza kupata mnunuzi katikati ya jaribio. Kama shamba ni la kuazima au kukodi, andikianeni makubaliano mbele ya serikali ya mtaa, yakitaja tarehe ya mwisho ya kuvuna. Naliweka jambo hili mbele ya mbolea na mbegu kwa sababu hakuna takwimu itakayookoa jaribio lililochimbwa msingi wa nyumba.

Likague eneo lenyewe kwa kulitembea. Andika palipo na mteremko, kivuli cha mnazi au mwembe, kichuguu cha zamani, mahali palipochomwa takataka na mahali ng'ombe walipolala. Mchanga wa ukanda huu ni hafifu kiasi kwamba doa moja la samadi ya zamani huonekana katika mavuno miaka kadhaa baadaye. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu 10 hadi 15 ukipita kwa zigizaga, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, na upeleke takribani nusu kilo maabara.

Hatua ya nne: Gawa robo eka katika vipande 20

Utahitaji vipande vya aina nne: muhogo peke yake, kunde peke yake, muhogo wenye mstari mmoja wa kunde kati ya mistari yake, na muhogo wenye mistari miwili ya kunde. Aina hizo nne, zikiwa pamoja, ni bloku moja, na bloku zinakuwa tano. Kila kipande kina mita sita kwa mita sita. Ukiacha njia ya mita moja kati ya vipande na mita moja na nusu kati ya bloku, eneo lote linakuwa mita 27 kwa mita 36, yaani mita za mraba 972, ambazo zinaingia katika robo eka na kubaki nafasi kidogo.

Bloku ndizo zinazokukinga na tofauti za udongo. Kama shamba lina mteremko, bloku ya kwanza ikae juu na ya tano ikae chini, ili vipande vinne vinavyolinganishwa viwe kwenye ardhi inayofanana. Ndani ya kila bloku, usichague mwenyewe kipande gani kiende wapi. Andika majina manne kwenye vikaratasi, vikunje, vitikise kwenye bakuli, na mtoto avitoe kimoja kimoja. Kisha rudia kura hiyo kwa kila bloku. Mkono wa binadamu, hata ulio mwaminifu, huupeleka mseto anaoupenda mahali penye rutuba.

Hatua ya tano: Panda kwa usawa, na utunze zao moja kama unavyotunza mseto

Muhogo uwe wa aina moja, kutoka mashina yasiyo na ugonjwa, na vipando vya urefu unaolingana. Kiroba ni aina inayojulikana vyema Pwani. Katika kipande cha mita sita kwa sita zinaingia mbegu 36 za muhogo, mstari wa nje ukiwa nusu mita kutoka ukingoni. Kunde nazo ziwe za aina moja, na ni heri zisiwe za kutambaa sana, kwa sababu kunde zinazotambaa huparamia muhogo mchanga na jaribio lako linakuwa la kitu kingine. Kipande cha kunde peke yake kipandwe kwa nusu mita kati ya mistari na sentimita 20 kati ya mashimo, jambo linalokupa mashimo 100,000 kwa hekta. Ukitumia sentimita 20 hizohizo katika mseto, mstari mmoja kati ya mistari ya muhogo ni mashimo 50,000 kwa hekta, na mistari miwili ni 100,000, sawasawa na kunde za peke yake. Hesabu hiyo imepangwa kwa makusudi: inakuruhusu kutenganisha athari ya kubanana na athari ya kuwa jirani na muhogo.

Panda mwanzoni mwa masika, mara ardhi ikishalowa sawasawa, na kunde ziingie siku ileile au ndani ya wiki mbili. Tarehe ya kunde iwe moja kwa vipande vyote. Palizi, samadi na dawa ya wadudu, kama utatumia, vifanyike kwa namna moja kila mahali. Wakulima wengi kwa huruma hupalilia kwanza kipande chenye mazao mawili na kukiacha cha muhogo mtupu mpaka wiki inayofuata, nao ndio upendeleo niliousema mwanzoni. Palilia bloku nzima kwa siku moja.

Hatua ya sita: Mvua, muda na daftari

Weka kipima mvua mbali na miti na nyumba, na ukisome kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika mita moja ya mraba, kwa hiyo hata anayeanza leo anaweza kuelewa shamba limepata nini. Takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa zitakusaidia kulinganisha, lakini hazichukui nafasi ya kipima chako, kwa kuwa mvua inaweza kunyesha Ukonga na Kigamboni wakaanika nguo.

Daftari liwe la karatasi, na kila jioni ya kazi lipigwe picha. Andika tarehe, kipande, kazi iliyofanyika na dakika zilizotumika. Dakika za palizi nazisisitiza, kwa sababu kunde zinapofunika ardhi mapema huweza kupunguza magugu, na kwa mama mwenye genge na shamba kwa pamoja saa zilizookolewa ni sehemu ya faida. Zisipoandikwa, hazitaonekana katika hesabu yoyote.

Liko pia suala la majani, linalosahaulika katika majaribio mengi. Hapa Dar es Salaam kisamvu na majani ya kunde ni mboga na ni fedha. Mtu atapita shambani jioni achume fungu mbili tatu, na mmea uliochumwa majani mara kwa mara hutoa mazao machache. Chagua moja kati ya mawili: ama pasichumwe kabisa katika mistari ya ndani, ama pachumwe kwa utaratibu mmoja katika vipande vyote na kila fungu lipimwe kwa mizani. Fungu si kipimo, kwa maana fungu la Buguruni si fungu la Mbagala.

Hatua ya saba: Chimba uangalie mizizi, chunguza majani

Kunde zinapoanza kutoa maua, chimba mashina matatu au manne kwa jembe kutoka mistari ya pembeni ya kila kipande, kamwe si ya ndani, wala usiyang'oe kwa mkono kwa sababu vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi polepole kwenye beseni, hesabu vinundu, kisha kata vichache kwa wembe. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Pakiwa peupe au kijani, kazi hiyo haifanyiki au imekwisha. Kunde kwa kawaida hupata bakteria wa kuzifaa katika udongo wetu bila kuongezewa, tofauti na soya. Vinundu vikiwa haba kila mahali, rudi kwenye majibu ya maabara utazame fosforasi.

Kwa muhogo, tembea kila kipande mwezi wa tatu na wa sita baada ya kupanda, uupe kila mmea wa ndani alama kutoka 1, usio na dalili, mpaka 5, ulioathirika vibaya. Magonjwa mawili yana historia ndefu kwetu: batobato iliripotiwa mwaka 1894 kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania, na michirizi ya kahawia ikaelezwa mwaka 1936 kutokana na kazi iliyofanyika Amani, Tanga. Yote mawili huenezwa na inzi weupe na vipando vyenye ugonjwa. Michirizi ya kahawia ni hatari zaidi kwa mtafiti, kwa sababu mmea unaweza kupendeza juu huku mzizi ukiwa umeoza kwa ndani. Alama zake za mwisho hutolewa siku ya kuvuna, kwa kuukata mzizi vipande na kuutazama.

Hatua ya nane: Vuna katikati, pima yote

Usipime mistari ya pembeni. Inapata jua na nafasi ya njia, na hudanganya. Katika muhogo vuna mimea 16 ya katikati, yaani mita nne kwa nne, na kunde uzivune katika eneo hilohilo. Kila kilo moja katika mita hizo 16 za mraba ni kilo 625 kwa hekta. Kunde zichume kila zinapokauka, zianikwe siku sawa kwa vipande vyote, na zipimwe kwa mizani ya gramu. Muhogo ulioibiwa au kufa uandikwe idadi yake na sababu yake. Usijaze pengo kwa kukadiria.

Hatua ya tisa: Hesabu ya ardhi, kisha hesabu ya haki

Kipimo cha kawaida ni uwiano wa usawa wa ardhi. Gawa mavuno ya muhogo wa mseto kwa mavuno ya muhogo wa peke yake, fanya hivyo kwa kunde, kisha jumlisha. Tuseme, kwa mfano tu, muhogo wa peke yake umetoa kilo 32 katika eneo la kupimia na wa mseto kilo 27.2, hiyo ni 0.85. Kunde za peke yake zimetoa kilo 1.6 na za mseto kilo 0.96, hiyo ni 0.60. Jumla ni 1.45, maana yake ungehitaji eka 1.45 za mazao yaliyotenganishwa kupata ulichokipata katika eka moja ya mseto.

Usikimbilie kuitangaza namba hiyo. Kunde za peke yake zilikalia ardhi siku 75, muhogo siku 300, na uwiano huo umevihesabu kana kwamba ni sawa. Ukiupunguza mchango wa kunde kwa muda, yaani 0.60 mara 75 gawanya kwa 300, unapata 0.15, na jumla inashuka hadi 1.00, kana kwamba mseto haukuleta kitu. Hapo nako ni kupindukia, kwa kuwa kunachukulia kwamba mkulima angeweza kupanda kunde mara nne mfululizo bila kusimama. Dar es Salaam ina masika na vuli. Asiye na maji ya kumwagilia atapanda kunde mara mbili kwa mwaka. Mshindani halali wa mseto wako, basi, ni shamba la kunde lililovunwa masika na kuvunwa tena vuli. Panda kunde tena mwezi Oktoba au Novemba katika vipande vya kunde peke yake, jumlisha mavuno yote mawili, ndipo ugawe. Kama vuli itatoa sawa na masika, mchango wa kunde unakuwa 0.30 na jumla 1.15. Namba hiyo naiamini kuliko 1.45, ingawa haivutii, kwa sababu inajibu swali ambalo mkulima wa hapa analo kweli.

Baada ya ardhi, hesabu fedha. Tumia bei ya siku uliyovuna katika soko ambako mzigo ungekwenda, uwe Buguruni au Temeke Stereo, na utoe gharama pamoja na thamani ya dakika za palizi. Linganisha bloku kwa bloku. Kama mseto umeupita muhogo wa peke yake katika bloku zote tano, uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati tu, endapo hakuna tofauti yoyote, ni moja katika 32; bloku tatu dhidi ya mbili hazithibitishi lolote. Mwenye kompyuta atumie programu ya takwimu ya R, ambayo ni ya bure, kufanya uchanganuzi kamili.

Hatua ya kumi: Misimu mingine, hasa mibaya

Msimu mmoja unapima mavuno, haupimi ustahimilivu. Vuli ya 2022 ilikuwa haba hata maji ya Mto Ruvu yakapungua na jiji likaingia kwenye mgao. Vuli ya 2023 ikaja na mvua kubwa za El Niño. Na mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Tanzania. Jaribio lililofanyika katika mmoja tu wa miaka hiyo lingetoa picha tofauti kabisa. Panga misimu isiyopungua mitatu kwa mpangilio uleule, na kabla ya kuanza wa kwanza, uliza familia inayolima hapo kiwango cha chini cha chakula au fedha ambacho wakikikosa hukopa. Kisha hesabu kila aina ya kipande imeshuka chini ya kiwango hicho mara ngapi. Mseto wenye wastani mdogo kidogo ambao haujawahi kushuka chini ya mstari huo unaweza kuwa bora kwa kaya ile kuliko zao lenye wastani mkubwa linaloanguka kila mvua ikigoma.

Muhogo ukishang'olewa, usiondoe vigingi vya mipaka. Msimu unaofuata, panda mahindi ya aina moja bila mbolea katika vipande vyote 20, na upime mavuno yake katika mita zilezile 16. Tofauti kati ya mahindi yaliyoota palipokuwa na muhogo mtupu na yale yaliyoota palipokuwa na kunde ndiyo itakayoonyesha kama kunde zimeuachia udongo chochote, na iandikwe katika daftari lilelile, chini ya namba zilezile za vipande.